Magonjwa ya nyuki na vibali vya mpakani: asali moja, wizara mbili

Mfanyabiashara anayenunua asali Tabora, Katavi au Singida na kuipeleka Nairobi kupitia Namanga hukutana na jambo ambalo wengi hawalitegemei. Upande wa Tanzania nyuki wako chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, pamoja na misitu. Upande wa Kenya nyuki ni mifugo, na mambo yao yanashughulikiwa na idara ya mifugo pamoja na ile ya madaktari wa mifugo. Ndoo ni zile zile na asali ni ile ile, lakini ikishavuka imehama wizara.

Kwa mtu wa ofisini hilo ni suala la mpangilio wa serikali tu. Kwa mwenye mzigo ni pesa. Karatasi aliyopewa na bwana nyuki wa wilaya yaweza kutiliwa shaka na afisa wa upande wa pili, ambaye yeye amezoea kutafuta saini ya daktari wa mifugo. Na daktari huyo kwa Tanzania yuko kwenye wizara nyingine kabisa. Hapo gari linalala, dereva anadai posho ya siku, na wakala wa forodha anaanza kupiga simu kwa watu ambao saa hiyo wameshatoka kazini.

Chanzo cha karatasi hizi zote ni magonjwa na wadudu wa nyuki. Wafanyabiashara wengi hulichukulia suala hilo kuwa la mfugaji na mizinga yake huko porini. Sivyo. Ukifuatilia jinsi magonjwa haya yalivyosambaa duniani, karibu kila mara utakuta gari, meli au sanduku la mtu aliyekuwa akifanya biashara halali.

Sheria zinasemaje

Tanzania Bara ina Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 (Na. 15), iliyokuja baada ya Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya 1998. Sheria hiyo inagusa uingizaji wa nyuki nchini, hifadhi za nyuki, ubora wa mazao na vibali vya kuyatoa nje. Ni sheria ya Bara peke yake, jambo ambalo anayepeleka asali Unguja asilisahau. Rwanda ilitunga sheria yake ya ufugaji nyuki mwaka 2013. Uganda nyuki wako kwenye wizara ya kilimo, mifugo na uvuvi, chini ya wataalamu wa wadudu.

Kenya ina chuo na kituo cha ufugaji nyuki pale Lenana, Nairobi, na soko kubwa la asali ambalo kwa miaka mingi limekuwa likijazwa kwa sehemu na asali ya Tanzania. Mwaka 2021 muswada wa mifugo ulizua kelele nchini humo kwa sababu ya kifungu kilichotaka wanaofuga nyuki kibiashara wasajiliwe. Wananchi wengi waliuliza serikali inataka nini na mzinga wa mzee aliyeutundika juu ya mgunga. Swali hilo lina haki yake. Lakini pia ni kweli kwamba nchi isiyojua mizinga yake iko wapi haiwezi kuandika kwenye cheti kwamba eneo fulani halina ugonjwa, na mnunuzi wa nje anachotaka kusoma ni sentensi hiyo hiyo.

Kwa ufupi, nchi za jirani zinazouziana asali kila siku zimewaweka nyuki mahali tofauti katika serikali zao. Itifaki ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu afya ya binadamu, wanyama na mimea ilisainiwa mwaka 2013 kwa nia ya kuoanisha mambo ya namna hii. Kiwango cha pamoja cha asali, EAS 36, nacho kipo. Kiwango kinaeleza asali iweje. Nani asaini cheti cha afya ya nyuki walioitengeneza ni swali lingine.

Wadudu gani wanaotafutwa

Shirika la Afya ya Wanyama Duniani (WOAH, ambalo wengi bado wanalijua kwa kifupi chake cha zamani, OIE) lina orodha ya magonjwa na wadudu sita wa nyuki ambao nchi wanachama wanatakiwa kuwatolea taarifa. Wawili ni magonjwa ya bakteria yanayoozesha majana ndani ya masega, moja likiitwa la Kimarekani na jingine la Kiulaya. Watatu ni utitiri: Varroa, Tropilaelaps na ule unaoingia kwenye njia ya hewa ya nyuki. Wa sita ni mende mdogo wa mzinga, ambaye kwao ni huku huku Afrika kusini mwa Sahara.

Utitiri wa Varroa ndio uliowatia hasara wafugaji wa Ulaya na Amerika. Hunyonya nyuki na majana, na humwachia virusi. Afrika Mashariki uligunduliwa mwaka 2009. Mwaka 2010 watafiti walikagua maeneo 24 nchini Kenya na kuukuta karibu nchi nzima, isipokuwa maeneo ya mbali ya kaskazini. Katika ukaguzi huo huo vimelea vya Nosema vilionekana katika maeneo machache ya pwani. Jambo la kutia moyo ni kwamba watafiti hawakuona makundi ya nyuki yakidhoofika kwa ajili ya utitiri huo kama ilivyotokea kwingine. Nyuki wetu ni wakali, wanahama hama, wanajisafisha, na hakuna mtu anayewapa dawa. Afrika Kusini, ambako Varroa ilionekana mwaka 1997, nako wafugaji waliowaacha nyuki wapambane wenyewe waliona baada ya miaka michache kwamba nyuki wameuzoea.

Tusijidanganye hata hivyo kwamba bara zima lina kinga. Varroa ilipoingia Madagaska mwaka 2010, nyuki wa kisiwa kile, ambao ni wa aina yao, waliangamia kwa wingi. Mauritius ikafuata mwaka 2014, na Réunion mwaka 2017. Visiwa havipati utitiri kwa nyuki kuruka bahari. Wanaletewa.

Sasa tazama maana yake mpakani. Ikiwa Varroa ipo Kenya na ipo Tanzania, afisa anayezuia asali iliyokamuliwa kwa hoja ya Varroa hamlindi mtu yeyote. Kanuni za WOAH zenyewe zinaihesabu asali iliyokamuliwa na nta iliyoyeyushwa kuwa bidhaa salama kwa upande wa utitiri huo. Hoja hii mfanyabiashara aijue, aitaje kwa heshima, na ikibidi aombe kuandikiwa sababu ya kuzuiwa. Asali ya masega ni habari nyingine, na nyuki hai ni habari nyingine kabisa.

Somo la lori la Afrika Kusini

Wasafirishaji wanapaswa kukijua kisa cha nyuki wa Rasi. Kusini kabisa mwa Afrika Kusini, upande wa Cape, kuna nyuki ambao wafanyakazi wao wanaweza kutaga mayai yanayotoa majike bila kujamiiana na dume. Kwao kusini hawana neno. Karibu na mwaka 1990 wafugaji waliwapakia kwenye magari na kuwapeleka kaskazini kufuata maua, kama walivyozoea kufanya na nyuki wengine. Kule walikutana na nyuki wa Kiafrika wa kawaida, ndugu wa hawa wa kwetu. Wafanyakazi wa Cape waliingia kwenye mizinga ya wenyeji, wakataga, watoto wao wakala bila kufanya kazi, na kundi baada ya kundi likafa. Maelfu kwa maelfu ya makundi yalipotea. Serikali ilichora mstari kwenye ramani na kukataza nyuki kuvushwa, lakini madhara yalikuwa yameshatoka.

Hakukuwa na kirusi hapo, wala bakteria. Kilichovunja ufugaji ni nyuki wenyewe kuhamishwa kilomita mia kadhaa kwa lori. Ndiyo maana sheria za nyuki ni kali zaidi kwa nyuki hai na malkia kuliko kwa asali, na ndiyo maana dereva akiombwa kubeba "vijisanduku viwili tu vya malkia" kuvuka mpaka bila kibali anapaswa kukataa hata kama nauli ni nzuri. Katika vitabu vya forodha nyuki hai wana namba yao, 0106.41. Asali ni 0409, na nta iko 1521.90. Namba hiyo ndiyo inayoamua mzigo uende meza gani. Ukiandika asali na ndani mna nyuki, hilo si kosa la karani tena.

Afrika Kusini ina somo la pili, na hili linawahusu zaidi wauzaji wa asali. Ugonjwa wa kuoza majana wa Kimarekani husababishwa na bakteria ambaye mbegu zake hukaa hai miongo kadhaa kwenye mbao za mzinga, kwenye masega na hata ndani ya asali. Mtu akila asali hiyo hapati ugonjwa huo. Nyuki akiilamba na kuipeleka kwao, majana yatakufa. Kwa kuogopa hilo, Afrika Kusini kwa miaka mingi imekuwa ikidai asali inayoingia ipigwe mionzi kwanza, hatua ambayo wauzaji wa nchi za jirani, Zambia wakiwemo, wameilalamikia kwa gharama yake. Pamoja na masharti hayo, mwaka 2009 ugonjwa ulionekana Western Cape na mizinga mingi ikateketezwa.

Mtu anaweza kusema basi masharti hayakusaidia kitu. Mimi naona jambo tofauti kidogo. Sharti lililo kali mno kwa asali ya jirani, huku ukaguzi wa mizinga ya ndani ukiwa hafifu, linamuumiza mwuzaji mdogo na halimzuii bakteria. Kanda yetu isije ikafuata njia hiyo. Fedha za kununulia mashine ya mionzi mpakani zingefaa zaidi kulipa mabwana nyuki wenye pikipiki na mafuta, wa kufungua mizinga na kutazama majana.

Anachotaka mnunuzi wa Ulaya

Umoja wa Ulaya haununui asali kwa mfanyabiashara peke yake. Hununua kwa nchi. Tangu agizo la mwaka 1996 kuhusu mabaki ya dawa katika mazao ya wanyama, na kanuni zilizolirithi, nchi lazima iwe na mpango unaokubalika wa kupima mabaki ya dawa na viuatilifu, na iwe kwenye orodha. Tanzania imo, na Uganda ilipata nafasi hiyo mwaka 2005. Mpango unapimwa upya, na nchi inaweza kuondolewa. China ilizuiwa mwaka 2002 baada ya dawa ya klorampenikoli kukutwa katika mazao yake ya wanyama, asali ikiwemo. India ilisimamishwa mwaka 2010. Nchi hizo ni wauzaji wakubwa kuliko sisi, na hawakusamehewa.

Hapa ndipo magonjwa na biashara vinapokutana kwa namna ambayo wengi hawaioni. Nyuki wa China na India walikuwa wakitibiwa, na mabaki ya dawa yakaingia kwenye asali. Nyuki wa Tabora hawatibiwi. Kutotibiwa huko ndiko kunakotupa asali safi ya kuuza, na serikali inayotaka kudhibiti magonjwa ya nyuki kwa kugawa dawa za antibiotiki kwa wafugaji itakuwa inakata tawi ililokalia. Wauza pembejeo wameanza kuingia vijijini, na mfugaji mwenye mizinga ya kisasa ni rahisi kushawishiwa. Mnunuzi wa asali anayekwenda kijijini ana haki ya kuuliza kama kuna chochote kimewekwa kwenye mzinga, na ana sababu ya kukataa mzigo akijibiwa kwa kigugumizi.

Nta nayo ina masharti yake. Umoja wa Ulaya haupokei nta ikiwa bado katika umbo la masega. Nta ya matumizi ya viwanda lazima iwe imeyeyushwa au kusafishwa kabla haijatoka nchini. Mazao ya mzinga yatakayorudi kutumika kwenye ufugaji nyuki lazima yagandishwe nyuzi 12 chini ya sifuri au zaidi kwa saa 24, ama nta hiyo isindikwe na kusafishwa. Wanachoogopa hapo ni yule mende wetu. Alionekana Florida mwaka 1998, Australia mwaka 2002, na mwaka 2014 akatokea Calabria, Italia, karibu na bandari ya Gioia Tauro. Mauritius alionekana mwaka 2016 na Réunion mwaka 2022. Huku kwetu mende huyo ni kero ndogo, kundi lenye nguvu humfungia pembeni kwa gundi lisimwachie nafasi. Kwa nyuki wa Ulaya ni balaa, kwa hiyo kila kitu cha mzinga kutoka Afrika kinatazamwa kwa jicho la shaka. Twaweza kulalamika, lakini mende ni wa kwetu kweli.

Kwenye gari na kwenye ghala

Ndugu msafirishaji, sehemu yako haiko kwenye karatasi peke yake. Asali inayovuja ni mwaliko. Gari likisimama kwenye maegesho ya mpakani na ndoo zimepasuka, nyuki wa eneo lile watajaa ndani ya saa chache. Kwanza hakuna mkaguzi atakayesogea, na mzigo utasubiri hadi jioni. Pili, kama asali ile ina mbegu za ugonjwa, nyuki hao wanazipeleka kwenye mizinga ya watu ambao hawajui hata kwamba ulipita. Hali kadhalika kwa mapipa na ndoo tupu zinazorudishwa bila kuoshwa. Usiziache wazi nyuma ya ghala.

Mizinga iliyotumika ni hatari kuliko asali. Mradi mmoja ukifungwa, mizinga yake huuzwa kwa bei ya kutupa na kusafirishwa wilaya au nchi nyingine pamoja na masega makavu ndani. Mwonekano wa mbao hausemi chochote kuhusu mbegu za bakteria. Mnunuzi aulize ilitoka wapi na nyuki wake walikufa kwa nini. Karatasi za nta za kuanzishia masega zinazoagizwa kutoka nje nazo ziulizwe hivyo hivyo, maana hizo huingia moja kwa moja ndani ya mzinga.

Joto ni suala la ubora zaidi kuliko ugonjwa, nalo tulipite haraka. Kiwango cha kimataifa kinataka maji yasizidi asilimia 20, na kemikali ya HMF, inayopanda asali ikipata joto, isizidi miligramu 80 kwa kilo kwa asali ya nchi za joto. Mapipa yaliyokaa siku tano juani Tunduma yakisubiri foleni yanaweza kuondoka na kiwango tofauti na kile kilichoandikwa kwenye cheti cha maabara.

Mwenye mzigo mdogo anaweza kutumia utaratibu rahisi wa Jumuiya, ule wa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha. Wengi hudhani cheti rahisi cha uasili kinamaliza kila kitu. Kinaondoa ushuru, hakiondoi kibali cha afya. Anayebebwa na bodaboda na ndoo nne anatakiwa awe na kibali kama mwenye fuso. Hapa ndipo serikali zingeweza kumsaidia mdogo bila gharama kubwa: bwana nyuki wa wilaya atambuliwe pande zote mbili za mpaka, sampuli ipimwe mara moja, na majibu ya maabara ya nchi moja yakubalike katika nchi nyingine. Uwezo wa maabara upo. Taasisi ya icipe jijini Nairobi ina maabara ya rufaa ya Afrika ya afya ya nyuki iliyofunguliwa mwaka 2014. Kinachokosekana ni mawaziri wa maliasili na wa mifugo kukaa meza moja, na kwa kuwa hawakutani kwenye vikao vya kawaida, hilo linahitaji mtu wa kulisukuma. Vyama vya wafugaji nyuki vina sauti zaidi wilayani kuliko mpakani. Wafanyabiashara wa asali, kwa upande wao, mara nyingi hulipa, hupita, na kunyamaza.

Kunyamaza huko kuna hasara. COMESA, Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC wana mfumo wa pamoja wa kupokea malalamiko ya vikwazo visivyo vya kiushuru, na lalamiko lililoandikwa tarehe, mpaka, namba ya bidhaa na sababu iliyotolewa na afisa linaweza kufuatiliwa na nchi husika. Malalamiko ya kijiweni hayafiki huko.

Kuna jambo moja linalofanya karatasi za asali ziwe na uzito zaidi kuliko zamani. Agizo jipya la Umoja wa Ulaya la mwaka 2024, lenye tarehe ya utekelezaji ya 14 Juni 2026, linataka lebo ya asali iliyochanganywa itaje nchi zote ilikotoka, kwa mpangilio wa uzito na kwa asilimia. Asali ya nchi isiyo kwenye orodha ikichanganywa na ya nchi iliyomo, pipa lote lina matatizo. Mfungashaji wa Nairobi, Arusha au Kampala anayelenga soko hilo atataka kujua kila ndoo ilitoka wilaya gani na ilivuka lini, na ushahidi wake utakuwa kibali kile kile cha bwana nyuki na fomu ile ile ya forodha ambayo wengine huitupa mara tu geti likifunguliwa.